Mkasi, Muhuri na Mashine ya Kutafuta

Wadogo zangu wa maternité, wodi ya wazazi, mliponiaga mwezi uliopita mlinipa kitenge, mkanipigia makofi, kisha mkaniambia niandike. Niandike nini? Mkasema mambo ya kazi, hasa ya miaka ya vita, kwa kuwa wakati ule wengi wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Bon, naandika. Lakini msitegemee kusoma hapa nilipandishwa cheo lini na nani alinuna. Nitawaeleza nilivyofundishwa kazi, halafu nilivyoiharibu mchana kweupe, kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikijiona hodari. Na mkiona mahali fulani nimechanganyikiwa, msisingizie uzee. Nilichanganyikiwa siku ile ile na bado sijatoka humo.

Siku yangu ya kwanza hospitalini nilivaa kofia iliyopigwa wanga mpaka ikasimama yenyewe. Nilidhani nitakabidhiwa mgonjwa. Papa Likunde, muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, mtu wa Barumbu, mfupi, mwenye sauti ya chini, alinikabidhi kartoni la visanduku vya dawa. Vyote vitupu. Akaniambia nikae nisome. Nikamuuliza nisome nini, Papa, na ndani hamna kitu? Akajibu kwamba dawa nitaijua kesho. Leo nijue imetengenezwa na nani, wapi, lini, na mwisho wake lini. Nilisoma visanduku vitupu wiki nzima, nikimlaani kimoyomoyo. Baadaye alinifundisha kuchemsha sindano za kioo, kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, kunusa kidonda kabla ya kukifungua. Ila ile tabia ya visanduku haikunitoka. Dawa haikupita mikononi mwangu kabla sijaigeuza nyuma na mbele, na wenzangu wakaniita Mama Douane, kama watu wa forodha wanaopekua mizigo. Sikukasirika sana.

Halafu vita. Hayo mmesimuliwa, sina haja ya kuyarudia. Boti za Kinshasa ziliacha kupanda mto. Treni ya Ubundu ikawa inaondoka siku inapojisikia. Majeshi ya nchi za watu yalikuja kupigana kwetu kana kwamba kwao hakuna nafasi, na chumba chetu cha vitabu kikaporwa mpaka rafu. Niliona kwa macho yangu ukurasa wa kitabu cha upasuaji umefungiwa makayabu sokoni. Nikanunua yale makayabu ili niusome. Ulikatika katikati ya sentensi, na samaki mwenyewe alikuwa na chumvi kupita kiasi.

Papa Likunde alikuwa amestaafu na kurudi kwao Barumbu kabla mto haujafungwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Daktari alibaki mmoja, kijana, mwembamba, mtu wa kusahau kula. Tulimwita Docteur tu, maana hapakuwa na wa pili wa kumchanganya naye.

Ndipo Tonton Fidèle, fundi wa redio wa karibu na soko kuu, akafungua cyber. Kompyuta tatu, sahani kubwa juu ya paa, na jenereta iliyonguruma kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, mafuta yakipatikana. Docteur alirudi kutoka huko macho yanang'aa. Alituambia vitabu vyote vya dunia vimo mle ndani, ni kuuliza tu. Akanichagua mimi niwe mtu wa kuuliza, kwa sababu masista walinifundisha kupiga taipu nikiwa msichana. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Siku ya kwanza nilipanda toleka, ile baiskeli ya abiria, nikafika nimevaa kama wa kwenda misa, ingawa mimi ni Mwislamu. Tonton Fidèle alinionyesha kisanduku cheupe katikati ya kioo, akasema andika swali lako hapo. Basi nikaandika kama nilivyofundishwa kuandika kwa mkubwa nisiyemjua, kwa Kifaransa safi: Bwana Mkurugenzi, nina heshima kubwa ya kuja mbele yako kukuomba unisaidie maelezo juu ya homa ya uti wa mgongo, na nikamalizia kwa kumhakikishia heshima zangu za dhati. Nikabonyeza. Nikasubiri. Mashine ikaniletea kurasa na kurasa za kufundisha watu kuandika barua za kuomba kazi. Nilizisoma zote, nikidhani nimejibiwa kwamba barua yangu haikuwa nzuri.

Tonton Fidèle alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Zaina," akaniambia, "mule ndani hamuna mutu. Weka maneno mbili, tatu, basi." Nikaweka maneno mawili. Zikaja kurasa nyingi kuliko wagonjwa niliowaona maishani, na kati yake hoteli, kanisa, na mtu mmoja anayeuza mbwa. Nikamuuliza nani amezipanga hivi, mbona hii iko juu na ile chini? Alisema hajui, inapanga yenyewe. Nikaamua kwamba iliyo juu ndiyo mkubwa wao. Hospitalini kwetu jina la juu kwenye orodha ni la médecin directeur. Niliona ni jambo lisilo na mjadala.

Tukajiwekea utaratibu. Kila wodi iliandika swali lake kwenye kijikaratasi, nami kila Jumanne nilikwenda nayo cyber. Nilitafuta kwa Kifaransa, maana kwa Kiswahili mashine ile haikuwa na la kuniambia. Nilichukua ukurasa wa kwanza uliotokea, ukachapwa, nikarudi. Karatasi ilikuwa kitu adimu kuliko sabuni, kwa hiyo hatukutupa hata ukucha wake. Kule juu na chini ya kila ukurasa palikuwa na maandishi madogo madogo: anwani ndefu isiyosomeka, tarehe, majina. Niliyaona ni uchafu wa mashine. Nikachukua mkasi, nikakata vipande vile virefu, nikampelekea mtu wa famasia afungie vidonge. Mama Douane, mwenye kugeuza kila kisanduku, nilikata kwa mkasi hasa pale palipoandikwa nani, wapi na lini. Sijui niwaeleze vipi. Haikunijia kabisa kwamba karatasi nayo ina mtengenezaji.

Kisha nikapiga muhuri. Hilo ninyi mnalijua: hapa kwetu karatasi isiyo na cachet haina tofauti na jani la muhogo. Kila ukurasa uliokatwa niliupiga muhuri wa hospitali, duara la bluu, katikati kabisa, nikaubandika ukutani au nikauweka kwenye kartoni la majibu. Docteur alisoma, alifurahi. Siku moja tu aliniuliza kuhusu ukurasa fulani, nani amesema haya? Nikajibu, mashine. Akanitazama kidogo, akataka kusema kitu, lakini walimwita chumba cha upasuaji.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Wakunga waliandika swali: kwinini kwa mwenye mimba, ndiyo au hapana? Wanawake walikuwa wakiikataa, wakisema huangusha mimba. Papa Likunde miaka yote aliwatundikia kwinini wajawazito wenye malaria kali, na sisi tukafuata bila kuuliza. Nilikwenda, nikaandika maneno mawili, nikachukua ukurasa wa juu. Ulisema waziwazi kwamba kwinini ni sumu kwa mimba, mama aikwepe. Nilishtuka. Papa Likunde? Mtu yule? Nikaona labda sayansi imesonga mbele wakati sisi tumefungiwa na vita. Nikakata juu, nikakata chini, nikapiga muhuri, nikaubandika ukuta wa maternité penye mwanga mzuri. Kina mama waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Wengine walinakili kwa mkono wakaenda nazo nyumbani.

Jumanne iliyofuata, nikitafuta jambo jingine, ulijitokeza ukurasa mwingine unaosema kinyume: malaria kali ndiyo inayoua mama na mimba, na kwinini ipewe bila kuchelewa. Nikauchapisha pia. Kichwa kilinizunguka. Nikaupiga muhuri nao, nikautia kwenye kartoni, nikajiambia nitamuuliza Docteur. Sikumuuliza wiki ile. Majeruhi walikuwa wakiletwa kutoka upande wa Kapalata, na mtu hakupata hata nafasi ya kukaa.

Baada ya siku chache Docteur aliitwa Ubundu, akapanda treni. Asubuhi ya pili yake, saa mbili, Masika aliletwa. Mumewe, Kambale, Mnande muuza jumla wa chumvi na sabuni, alikuwa amemshikilia kwenye toleka huku yeye mwenyewe akikimbia pembeni. Mimba ya miezi minne. Homa ya kuunguza mkono, anatapika, anamwita mama yake aliyeko Butembo kana kwamba yuko mlangoni. Damu ilipotazamwa, malaria imejaa tele. Daktari hayupo. Mkubwa pale nilikuwa mimi.

Nikaagiza kwinini. Kambale alitoa karatasi mfukoni, iliyonakiliwa kwa mwandiko mzuri, hata lile duara la muhuri alikuwa ameligeza kwa kalamu. Hakupandisha sauti.

"Mama, miye sikatale dawa. Ninakatala hii moja tu. Ni nyinyi mulisema inaangusha mimba. Iko na cachet yenu."

Nikakimbilia kartoni, nikamletea ule ukurasa wa pili. Akausoma polepole, akaenda kuubandua ule wa ukutani, akaziweka zote mbili bega kwa bega. Karatasi moja, herufi moja, muhuri mmoja. Moja inasema itamuua, nyingine inasema asipopewa atakufa. Akauliza ni nani aliyesema hii na nani aliyesema ile. Huyu alikuwa mfanyabiashara. Hanunui kartoni la sabuni kabla hajaona jina la kiwanda. Alizigeuza nyuma, akazigeuza mbele, akapitisha kidole pale mkasi wangu ulipopita.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua kinywa. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: Papa Kambale, hii ya ukutani niliitafuta mimi, sijui ni ya nani, muhuri nilipiga mimi, hauna maana yoyote. Ningeyasema, nadhani angekubali saa ile ile. Lakini wakunga walikuwa wamesimama, wagonjwa wanasikiliza, na mimi ndiye mtu wa mashine, ndiye wa kuuliza. Niliona aibu. Na nitasema lote: mimi mwenyewe sikuwa na hakika tena. Nilimwona Papa Likunde upande mmoja na karatasi upande mwingine, na nikaiogopa karatasi. Nikamwambia Kambale kwamba sayansi ina mabishano, nakwenda kuhakikisha. Nikamtundikia Masika sérum ya glukozi, nikawaachia wakunga vitambaa vya maji, nikapanda toleka.

Cyber ilikuwa kimya. Tonton Fidèle alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya jenereta. Nilisimama mlangoni nikihesabu pumzi za mtu ambaye hayuko mbele yangu. Alirudi saa tano inakaribia. Kurasa zilifunguka mstari kwa mstari, polepole mpaka nikatamani kuivuta kwa mikono. Nilitafuta ule wa kwanza, wa ukutani, na safari hii sikuwa na mkasi. Niliusoma mpaka chini kabisa. Hapakuwa na jina la mtu. Hapakuwa na tarehe. Kulikuwa na picha ya chupa, na maneno ya kumwambia mama mjamzito aachane na dawa za hospitali, aagize majani yao ya kuchemsha. Walikuwa wauza majani! Nilikuwa nimempigia mchuuzi muhuri wa hospitali.

Wa pili ulikuwa na majina ya waandishi, shule ya udaktari wanakofundisha, mwaka, na orodha ya vitabu walikochota. Nikatafuta tena, kwa maneno mengine, nisije nikawa nimeokota tu ninachotaka kusikia. Nikapata wizara ya afya ya nchi moja jirani, na mwongozo wa madaktari wa nchi nyingine ya mbali. Hawajuani, na wanasema sawa na Papa Likunde. Pia nikapata ukurasa wa daktari mwenye koti jeupe na tabasamu, ambaye alisema hapana kabisa. Nikashuka mpaka chini kwake pia. Naye alikuwa na chupa. Nikachapisha zile tatu zilizokubaliana, nzima nzima, anwani na kila kitu.

Nilirudi saa sita imepita. Masika alikuwa hasemi tena. Kambale alisoma majina yote, kwa kidole, mpaka lile la mwisho, na mimi nimesimama na chupa ya kwinini mkononi. Akasema, "Hizi ziko na wenyewe." Kisha akaniuliza ile ya ukutani ilikuwa ya nani. Nikamjibu ilikuwa ya zamani. Ilikuwa uwongo. Akakubali. Nikatia kwinini kwenye glukozi, nikapima mwendo wa matone, nikakaa kwenye kiti kando yake nikiangalia sukari ya damu yake isishuke, maana kwinini huishusha. Ilikuwa saa saba. Aliletwa saa mbili.

Kesho yake alifungua macho, akaomba maji. Kesho kutwa akajua yuko wapi, akamuuliza mumewe kama duka amelifunga. Siku ya nne alianza kutoka damu, na jioni mimba ikatoka. Alikuwa wa kike.

Kambale hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa kwenye benchi la nje akasema ile karatasi ya ukutani ilikuwa imesema kweli, sisi ndio tuliibandua. Docteur aliporudi kutoka Ubundu alisoma faili, akaniambia ni homa iliyoua mtoto, tena homa iliyoachwa saa tano nzima bila dawa. Nikamuuliza, kama ningeitundika saa mbili, mtoto angebaki? Akavua miwani. "Mama Zaina, hata mimi siwezi kuapa." Yeye ndiye aliyesoma chuo, na hakuweza. Basi mimi ningejua wapi? Nilibandua kurasa zote ukutani, nikazichoma nyuma ya jiko, na zile nilizochoma huenda nyingi zilikuwa za kweli. Sikuwa na njia ya kuzitenganisha.

Ninyi leo mna simu mfukoni. Nawaona mnatafuta humo koridoni, mgonjwa amelala, kidole kinapanda kinashuka. Sikatazi, na anayekatazwa hutafuta chooni. Lakini ile iliyo juu haikuwekwa juu kwa kuwa ni mkubwa wao. Shukeni mpaka chini ya ukurasa mjue ni nani anayesema, wa wapi, mwaka gani, na kama ana chupa ya kuuza. Mtafute wengine wawili wasiojuana naye. Halafu mpigieni daktari, kwa kuwa ukurasa haumwoni mgonjwa wenu. Na mnapomwonyesha mtu, mwonyesheni ukurasa mzima. Haya nayasema kwa sauti kubwa kwa kuwa ndiyo ya pekee niliyo na uhakika nayo.

Mwaka uliofuata Masika alishika mimba tena, na homa ikamkuta tena. Kambale alimleta na furushi la karatasi alizozichapisha mwenyewe kwa Tonton Fidèle, akataka tukae tuzisome mimi na yeye, jina kwa jina. Masika alikuwa anatetemeka kitandani. Akanyoosha mkono.

"Nyinyi musome," akasema. "Miye, mama, nitobole sindano kwanza."

Nikamtoboa. Mtoto yule alizaliwa, ana watoto wake sasa. Kambale bado anawaambia watu kwamba kwinini ilimuua wa kwanza na kwinini hiyo hiyo ikamwokoa wa pili. Anayasema yote mawili kwa pumzi moja, na kila nikijaribu kumkosoa nakuta sina pa kuanzia.

Masika ni mwingine. Tukikutana sokoni tunasalimiana, tunaulizana watoto, halafu ananivuta pembeni na kuuliza swali lile lile. Yule wa kwanza, ilikuwa dawa ao ilikuwa homa? Namjibu ni homa. Nasema bila kusita, kama muuguzi. Ananishukuru, anaondoka. Sijawahi kumwambia kuhusu zile saa tano, wala ni nani aliyebandika karatasi ile ukutani, wala kwamba neno moja kutoka kinywani mwangu saa mbili asubuhi lingetosha. Hajui kama kuna jingine la kuniuliza. Miaka yote hii ananishukuru, nami napokea.

Amesikia nimestaafu. Ametuma ujumbe kwamba Jumapili atakuja kuniletea lituma, zile ndizi za kutwanga, na samaki, tukae siku nzima. Ninyi mtapata maandishi haya Jumatatu. Jumapili yatakuwa juu ya meza yangu, kurasa zote, hazijakatwa mahali, na jina langu chini. Masika anajua kusoma.